Kwa nini hori la Jumamosi hii si hori la Jumamosi ijayo

Anayetaka kuanza kuangalia viumbe wa porini hapa Mombasa huuliza kwanza swali la mahali. Niende wapi? Tudor, Mtwapa, Port Reitz, Nguuni, au msitu wa Bamburi? Swali hilo lina jibu jepesi, maana kisiwa kimezungukwa na maji pande zote na hori la Tudor, yaani mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, liko nyuma ya nyumba za watu. Zito ni swali la wakati. Mahali pale pale, saa ile ile, patakuonyesha kaa kwa mamia wiki hii, na wiki ijayo pakuonyeshe maji matupu. Asiyezoea huondoka akiamini kwamba viumbe wamehama, au wameuawa na uchafu, au yeye mwenyewe hana bahati. Mara nyingi si lolote kati ya hayo. Amekwenda bila kuijua saa ya hori.

Na hori lina saa zaidi ya moja. Iko ya mwezi, iko ya upepo, na iko ya mvua. Ya mwezi ndiyo iliyo tata kuliko zote, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kati ya leo na kesho. Kutoka kupwa hadi kujaa hupita saa 6 na dakika chache. Lau ingekuwa ni jua peke yake linaloyavuta, maji yangepwa saa ile ile kila siku. Lakini mvutaji mkubwa ni mwezi, na mwezi hausimami. Dunia ikimaliza mzunguko wake mmoja, mwezi tayari umesogea mbele katika njia yake, na pwani yetu hulazimika kuzunguka kwa dakika kama 50 zaidi ndipo ielekeane nao tena. Kwa hiyo maji yakipwa leo saa 4 asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa 5 kasoro dakika 10, na keshokutwa yatachelewa zaidi.

Sasa zidisha dakika 50 kwa siku 7. Unapata dakika 350, yaani karibu saa 6, ambao ndio muda wa maji kutoka kupwa hadi kujaa. Mtu aliyejipangia kwenda horini kila Jumamosi saa 4 asubuhi, kwa kuwa ndiyo nafasi aliyo nayo, atakuta matope Jumamosi moja na maji Jumamosi inayofuata, kisha matope tena. Anayekwenda kila baada ya wiki mbili yuko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu kwa wiki nyingi mfululizo ataona upande mmoja tu wa hori, na hatajua kwamba kuna upande wa pili.

Mwezi hauamui saa tu, huamua pia kiasi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hujipanga mstari mmoja, na mvuto wa jua hujiongeza kwenye mvuto wa mwezi. Hapo ndipo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kilele chake hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, nayo maji huwa mafu. Katika bandari ya Kilindini tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua huzidi mita 3. Kwa maji mafu ni kama mita 1. Hizo mita 2 za ziada ndizo zinazofunua na kufunika sehemu kubwa ya matope ya Tudor na Mtwapa.

Mambo haya mawili yakiunganishwa, unapata kanuni ambayo ningependa kila mtu wa pwani aijue kwa moyo. Kwa kuwa bamvua imefungwa na umbo la mwezi, hupwa kwa saa zile zile mwezi hadi mwezi. Kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku, na hujaa kabisa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri. Maji mafu hugeuza mambo: saa 4 asubuhi ndipo yanapojaa. Nyumba nyingi za Mombasa zina kalenda ya Hijria ukutani, na hiyo inatosha. Kati ya mwezi 1 na 3, yaani siku ya kwanza hadi ya tatu ya mwezi wa Hijria, na kati ya mwezi 15 na 17, nenda horini asubuhi upate matope. Karibu na mwezi 8 au 22, asubuhi utakuta maji. Ni bahati kubwa ya pwani hii kwamba maji yanayopwa kuliko yote hupwa asubuhi, jua likiwa limepanda na mwanga ni mzuri wa kutazamia.

Ukimkuta mvuvi anashona nyavu kando ya hori ukamwuliza, "Ami, mbona kaa leo hawaonekani?", atakujibu kwa ufupi: "Maji mafu haya, mwanangu. Rudi mwezi ukiandama." Yeye anajua kwamba wakati wa maji mafu matope ya juu, yale yaliyo karibu na nchi kavu, hukaa siku kadhaa bila kufikiwa na maji. Ardhi hukauka, na kaa wengi wa sehemu hizo hubaki mashimoni.

Turudi basi mwezi ukiandama. Yachukue matope ya ukingo wa mikoko, saa moja hivi baada ya maji kuyaacha. Simama, na hutaona kitu isipokuwa vishimo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuendelea kutembea. Chuchumaa mahali pamoja, usinyanyue mkono, na baada ya dakika chache kaa wadogo wataanza kutoka, mmoja, kisha watano, kisha uwanja mzima. Dume utamjua kwa gando moja kubwa mno, ambalo kwa wengine hukaribia nusu ya uzito wake. Litazame gando lile jingine dogo, kwa sababu ndilo linalofanya kazi ya kula. Huchota tope, hulipeleka kinywani, na sehemu za kinywa huchekecha humo mwani na vijidudu visivyoonekana kwa macho, kisha kaa hutema kipira cha tope na kukiweka chini. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa yote mawili, hivyo hula kwa kasi kumzidi dume. Gando kubwa la dume halimsaidii kula hata kidogo. Hulipunga juu na chini, kumwita jike na kumwonya dume mwenzake, na kila aina ina namna yake ya kupunga. Mtazamaji mzuri huweza kuzitambua aina kwa mpungo kabla hata ya kuziona rangi. Darubini ya ndege inafaa sana kwa kazi hii, mradi iweze kuona karibu. Wengi wanayo na hawajawahi kuielekeza chini.

Maji yakianza kurudi, tazama tena. Baadhi ya kaa huchukua donge la tope, huingia nalo shimoni na kujifunika. Hawasubiri maji yawafikie.

Anayenistaajabisha mimi kuliko kaa ni konokono mmoja wa mikokoni, kwa jina la kitaalamu Cerithidea decollata, mwenye gamba lililochongoka ambalo ncha yake huwa imekatika. Maji yakipwa, hushuka na kula matopeni. Kabla maji hayajarudi, hupanda shina la mti, akajibandika na kungoja. Watafiti waliomchunguza katika hori la Mida, Watamu, waliona kwamba huanza kupanda kabla maji hayajafika miguuni pa mti. Anayo saa yake ya ndani. Hili unaweza kulitazama mwenyewe Tudor bila chombo chochote: chagua mchu mmoja, ambao ni aina ya mikoko, hesabu konokono walio kwenye shina maji yakiwa yamepwa, hesabu tena maji yakikaribia, na andika saa. Fanya hivyo siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Hapo utakuwa huangalii tena hori kwa jumla, unauliza swali moja na kulijibu.

Kwa ndege hesabu hugeuka. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu hutawanyika kwenye matope yote, wengine mbali kiasi cha kuwa nukta. Sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda huwachomoa kaa wale wale uliokuwa ukiwatazama. Maji ya bamvua yakijaa, ndege hawana pa kusimama, na hukusanyika kwenye vipande vichache vya ardhi iliyobaki au juu ya mikoko. Hapo ndipo unapoweza kuwahesabu. Kwa hiyo siku ile ile moja ya bamvua ni ya kaa asubuhi na ya ndege alasiri. Kuna jambo moja la kuangaliwa kwa yangeyange wa pwani: wako weupe na wako wa kijivu cha kukolea, na wote ni aina moja. Daftari nyingi za wanaoanza huwa na aina moja zaidi kwa sababu hiyo.

Miti nayo haina haraka, unaweza kujifunza siku yoyote. Kenya ina aina 9 za mikoko, na njia ya haraka ya kuzitambua ni mizizi. Mkoko hasa husimama juu ya mizizi iliyojipinda kutoka shinani. Mchu huchomoza mizizi myembamba, wima, kwa mamia. Mlilana, ambao hupenda kukaa mbele kabisa penye maji mengi, una mizizi minene iliyochongoka. Muia hutoa mizizi iliyokunjika goti. Mizizi hii yote ni ya kupumulia, kwa kuwa tope la hori halina hewa. Ndiyo sababu mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoleta mashapo mengi kutoka bara, mikoko ya Mwache, kwenye maji ya Port Reitz, ilikufa kwa eneo kubwa. Haikukatwa wala kuchomwa. Ilifukiwa pumzi.

Sasa upepo. Kaskazi na kusi tunavijua kwa majahazi na kwa samaki, ila huleta pia wageni wengine. Kuanzia Agosti na Septemba vitwitwi hufika kutoka nchi za kaskazini walikozaliwa, na wengi huondoka ifikapo Aprili. Ukiangalia hori mwezi wa Juni ukasema ndege wamekwisha, umesahau kwamba wako kwao wanaatamia. Wachache, hasa wachanga, hubaki.

Kisha kuna kereng'ende. Yule wa rangi ya manjano ya dhahabu anayeruka makundi makundi juu ya viwanja baada ya mvua za vuli, bila kutua, huitwa kitaalamu Pantala flavescens. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alitoa hoja kwamba kereng'ende hawa huvuka Bahari ya Hindi. Alikuwa amewaona mwaka baada ya mwaka wakifika kwa wingi visiwani humo, ambako maji baridi ya juu ya ardhi ni haba, akaanza kuandika tarehe. Tarehe zile zilifuatana: kwanza India kusini, kisha Maldivi, kisha visiwa vya magharibi zaidi, hadi Afrika Mashariki, wakisafiri na upepo wa juu unaoambatana na mvua. Safari nzima ya kwenda na kurudi ni ya maelfu ya kilomita, na hukamilishwa na vizazi kadhaa. Nasisitiza namna alivyoanza. Hakuanza na maabara. Alianza na mdudu anayeonekana na kila mtu, na tarehe.

Kereng'ende huyo hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na madimbwi ndiyo saa ya tatu. Tofauti na hori, dimbwi halifuati mwezi. Hungoja masika au vuli. Nyuma ya fuo za kaskazini, kuelekea Kikambala na Kilifi, na bara kuelekea Mazeras na Mariakani, kuna madimbwi ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka ni udongo mkavu uliopasuka. Ndani ya udongo huo wamo samaki. Ni wadogo, wa jenasi ya Nothobranchius, na mmoja wao, Nothobranchius interruptus, anajulikana kutoka Kikambala. Dimbwi likikauka wakubwa wote hufa, lakini mayai yao hukaa topeni yakingoja. Mvua ikijaza dimbwi, huanguliwa, hukua kwa wiki chache tu, madume huvaa rangi kali za buluu na nyekundu, hutaga, na maisha yao huishia hapo.

Fikiria maana yake kwa kiwanja kinachouzwa. Mnunuzi akija Februari ataona shimo la vumbi. Akilijaza kifusi, ataweza kuapa kwa ukweli kabisa kwamba hapakuwa na samaki hata mmoja. Ukoo mzima wa samaki utakuwa umezikwa na hakuna aliyesema uongo. Kwa hiyo picha ya dimbwi moja, iliyopigwa Mei kukiwa na maji na kupigwa tena Februari kukiwa kukavu, ikiwa na tarehe na mahali, ina thamani kubwa hata kama aliyeipiga hajui jina la samaki yeyote.

Msituni mambo ni mapole zaidi. Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji. René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971. Kati ya aina 26 alizojaribu ni 3 tu zilizosimama vizuri, na mvinje ndio uliobeba kazi. Majani yake membamba yalianguka na kurundikana bila kuoza, hadi majongoo yalipoletwa, yakayala na kuyageuza kuwa udongo. Ukienda siku baada ya mvua, inama uwaangalie majongoo wenyewe wakiwa kazini kabla ya kwenda kwa viboko. Na mibuyu ya bustani ya Mama Ngina ina kipindi chake kifupi: ua la mbuyu hufunguka magharibi, hutembelewa na popo usiku, na siku ya pili huanguka. Anayeujua mbuyu kwa mchana tu hajauona ukifanya shughuli yake kubwa.

Tukishazijua saa hizi, swali linalobaki ni lini "nimeona" ya mtu wa kawaida inakuwa ushahidi. Mimi naamini jina la kiumbe ndilo jambo la mwisho kuhitajika. Linaweza kurekebishwa miaka baadaye na mjuzi aliyeangalia picha yako. Mahali, tarehe na saa havirekebishiki, kwa sababu aliyekuwepo ni wewe. Mtandao wa iNaturalist, ulioanza 2008, umejengwa juu ya wazo hilo: unaweka picha, mahali na wakati, na watu wengine wanapendekeza jina, hadi zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wakubaliane. Kwa ndege kuna eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, na hapa nyumbani kuna Kenya Bird Map, ambayo tangu 2013 imeigawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande na humtaka mtazamaji aandike kila ndege aliyemwona kwa muda usiopungua saa 2.

Hilo neno "kila" ndilo lenye uzito. Orodha kamili husema pia ambao hawakuonekana. Kunguru wa Bara Hindi, anayetawala majaa yetu leo, alirekodiwa Mombasa mwaka 1947. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni 1, kwa kuwa huvamia viota vya ndege wengine na kula mayai na makinda. Ili ijulikane kama mpango wa namna hiyo unawarudisha ndege wadogo mitaani, zinahitajika orodha za Kisauni na Likoni za kabla na za baada, na hasa zile zinazosema: nilikaa saa 2, na huyu sikumwona.

Tahadhari tatu za haraka. Usiokote gamba, yai wala kaa hai kwa ajili ya kuonyesha. Wanyamapori wanalindwa na sheria ya 2013 na picha inatosha. Na ukipata kiota au kiumbe adimu, ficha mahali hasa ulipokiona unapoweka picha mtandaoni, kwani wako wanaovinjari humo kutafuta cha kuuza. Ukiingia matopeni, ingia maji yakiwa bado yanapwa, ukiwa na mtu anayeyajua.

La mwisho linatuhusu sisi tunaosema Kiswahili hasa. Mitandao hii haiulizi maji yalikuwa yamejaa au yamepwa, na haina haja, kwa sababu hali ya maji ya Kilindini kwa saa yoyote iliyopita huweza kukokotolewa. Sharti saa iwe sahihi. Saa yetu na ile ya simu zinapishana kwa saa 6, na saa 6 ndio muda ule ule wa maji kutoka kupwa hadi kujaa. Ukiandika daftarini "saa 4" halafu jioni ukaiingiza kwenye programu kama 4:00, matope yako ya bamvua yatasomeka kuwa yalikuwa yamefunikwa na maji, usiku, na kaa wako watakuwa wamepunga magando gizani. Kwenye daftari la horini andika 10:00 papo hapo, na pembeni yake andika mwezi una siku ngapi.